Je, ni Ukosefu wa Imani Kuuliza Mshahara Kabla ya Kukubali Kazi?



Mara nyingi katika kusanyiko letu hapa Mabanga tunawaombea wale wasio na kazi. Tunafunga, tunakesha, tunataja majina yao mbele za Mungu. Lakini ni mara chache tunasema juu ya siku ile kazi inapokuja. Mtu anaitwa, anaambiwa: njoo uanze kesho asubuhi. Je, Mkristo anapashwa kujibu ndiyo papo hapo, kwa kuwa Mungu amefungua mlango? Ama ana ruhusa ya kusimama kidogo na kuuliza: mnalipa kiasi gani, kwa muda gani, na kazi yenyewe ni ya namna gani?

Tumesikia majibu mawili kati yetu. Wengine wanasema: anayeuliza hana shukrani. Vijana wangapi wenye diploma wanaendesha moto ama kusukuma chukudu, nawe umeitwa, ungali unapima? Wengine wanasema: kila mtu ajitafutie, aende pale penye pesa nyingi, basi. Sisi tunaona kama majibu yote mawili yana ulemavu wa namna moja. Yule wa kwanza hapimi kitu, yule wa pili anapima kitu kimoja tu. Tutafute njia iliyo sawa, tukianza na Neno la Mungu.

Mapatano yanatangulia kazi

Katika mfano wa shamba la mizabibu (Mathayo 20:1-16), yule mwenye shamba alitoka asubuhi mapema, akapatana na wafanyakazi kwa dinari moja kwa siku, ndipo akawapeleka shambani. Mapatano yalitangulia jembe. Bwana Yesu hakuona haya kumweka mwenye shamba wa namna hiyo kama mfano wa ufalme wa mbinguni. Basi kutaja mshahara mbele ya kazi si jambo la aibu.

Lakini tusome vizuri. Wale walioitwa baadaye hawakutajiwa kiasi. Waliambiwa tu kwamba watapata kilicho haki, wakaenda kwa kumwamini mwenye shamba, naye hakuwadanganya. Kwa hiyo kuna kwenda kwa mapatano, na kuna kwenda kwa kuamini. Kuamini kunafaa pale mwenye kuita ni mtu wa haki. Wale wa saa kumi na moja walibahatika kuitwa na mtu mwema. Si kila anayesimama sokoni kuita watu ni mwenye shamba yule.

Tutazame Labani. Ni yeye mwenyewe aliyemwuliza Yakobo ataje mshahara wake (Mwanzo 29:15). Mapatano yalikuwa wazi: miaka saba kwa ajili ya Raheli. Tunajua usiku wa arusi ulivyokuwa. Na baadaye Yakobo alisema kwamba mshahara wake ulikuwa umebadilishwa mara kumi (Mwanzo 31:7). Kumbe hata mapatano hayatoshi kama hatumjui mtu tunayepatana naye. Swali la kiasi gani linapashwa kufuatana na swali la nani. Kabla ya kwenda kwa mkubwa wa kazi, ni vema kuwauliza wale waliomtumikia mwaka uliopita: alikuwa analipa tarehe gani? Walioacha kazi kwake, waliacha namna gani? Kuuliza si ujinga.

Tena kuna yule kijana Mlawi katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 17 na ya 18. Mika alimpa kazi ya ukuhani nyumbani mwake: vipande kumi vya fedha kwa mwaka, nguo, na chakula. Kwa kijana aliyekuwa anatangatanga akitafuta mahali, huo ulikuwa mshahara mzuri. Alikubali. Hakuuliza ile nyumba ilikuwa na sanamu gani. Baadaye watu wa Dani walipita na silaha, wakamtajia kazi kubwa zaidi: kuwa kuhani wa kabila zima badala ya nyumba moja. Moyo wake ulifurahi, akachukua vyombo vya Mika akaenda pamoja na wale waliovinyang'anya. Mtu mwenye swali moja tu, la kiasi gani, atamfuata yeyote mwenye kutaja kiasi kikubwa zaidi.

Kuketi na kuhesabu

Bwana alifundisha kwamba mwenye kutaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14:28). Watu wetu husema pia: mali bila daftari hupotea bila habari. Tuhesabu basi kwa mfano mmoja.

Tuseme mama mmoja anauza unga katika soko la Virunga, na kila mwezi anabakiza dola 70. Anaitwa kufanya kazi ya nyumbani upande mwingine wa mji kwa dola 110. Anafurahi, kwa kuwa 110 inapita 70. Lakini moto ya kwenda na kurudi inamgharimu dola moja na nusu kwa siku. Kwa siku 26 ni dola 39. Chakula cha mchana ni nusu dola kwa siku. Hiyo ni dola 13. Watoto wadogo wanabaki na msichana anayelipwa dola 20. Jumla ni dola 72. Katika zile 110 amebakiza 38. Meza yake sokoni imechukuliwa na mwingine. Alitoka 70 akaenda 38, na nyumbani wote walimpigia makofi.

Kazi ambayo mtu anaacha ina bei yake, hata kama ni ndogo na haina jina. Kulima kwa wengine, kuuza makala, kushona, kufua: vitu hivi havina karatasi, lakini vimelisha nyumba nyingi za Mabanga. Asiyeviweka katika hesabu amehesabu nusu.

Tutofautishe vilevile mshahara wa kwenye karatasi na mshahara wa mkononi. Penye kazi ya kuandikishwa, mfanyakazi hukatwa asilimia 5 kwa ajili ya CNSS, ile kasha ya uzee iliyochukua nafasi ya INSS, tena kuna kodi ya mshahara. Kukatwa huko si wizi, kama kweli pesa zinafika kule. Lakini mtu aulize mapema, asije akagombana mwisho wa mwezi. Aulize pia kama atalipwa kwa dola ama kwa franka, na kama ni kwa franka, ni kwa bei gani ya dola.

Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyotengenezwa tena mwaka 2016, ina mambo ambayo ndugu wengi hawayajui. Mkataba unapashwa kuandikwa. Kazi ya kawaida haipiti saa 45 kwa juma. Muda wa kujaribiwa haupiti mwezi mmoja kwa mtu wa kazi za mikono asiye na ufundi, na miezi sita kwa wengine. Mshahara unapashwa kutolewa si zaidi ya siku sita baada ya mwezi kwisha. Kuhusu kiasi cha chini kabisa kwa siku, mwaka 2018 kiliwekwa kuwa franka 7 075 kwa mfanyakazi asiye na ufundi, na mwaka 2025 kikapandishwa hadi 14 500. Tunajua kwamba wengi hulipwa chini ya hapo. Hata hivyo mtu ajue kipimo, ili akikubali chini ya kipimo, akubali macho yakiwa wazi.

Kuna neno moja katika sheria hiyo linalotugusa sana. Mkataba wa muda uliowekwa haupiti miaka miwili, lakini kama mtu ameoa na kazi inamtenga na jamaa yake, haupiti mwaka mmoja. Tuone: hata waliotunga sheria walijua kwamba mume kulala mbali na mke na watoto ni gharama, na kwamba gharama hiyo hailipwi kwa pesa bila mwisho. Ikiwa sheria ya serikali imetambua hilo, sisi tuliofunga ndoa mbele ya Mungu tutalisahau namna gani? Baba anayekubali kazi ya mbali akae kwanza na mke wake, wapime pamoja. Mshahara utakuja kwa jina la mmoja, lakini wa kuulipia ni jamaa nzima.

Bei ya siri

Sasa tunafika kwenye neno zito, nasi hatutalipita kando.

Tangu tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020, jimbo letu na Ituri zilipigwa na ugonjwa wa Ebola. Kazi nyingi zilitolewa wakati huo: kunawisha watu mikono, kupima joto, kupika, kufua, kuendesha magari. Ilikuwa kazi njema, ya kuokoa maisha, na mishahara yake ilipita ile ya siku zote. Lakini Septemba 2020 waandishi wa habari walitangaza ushuhuda wa wanawake zaidi ya 50 wa Beni, waliosema kwamba wanaume wa mashirika waliwataka kimwili ili wapewe kazi ama waendelee kuishika. Shirika la Afya la Dunia liliweka tume, nayo ilipotoa habari zake Septemba 2021 ilitaja watu 83 walioshitakiwa kuhusika, na 21 kati yao walikuwa waajiriwa wa shirika hilo lenyewe.

Tufikiri juu ya wanawake wale. Waliotajiwa mshahara walitajiwa. Kazi ilikuwa safi. Shirika lilikuwa na jina kubwa duniani. Maswali yote tuliyoyaandika huko juu yangejibiwa vizuri. Hata hivyo kulikuwa na bei nyingine, isiyoandikwa katika mkataba wowote, iliyosemwa kwa sauti ya chini. Bei ya namna hiyo iko pia pengine, tena kwa sura nyingine: mtu anayesema, nitaandika jina lako lakini mishahara miwili ya kwanza ni yangu, ama anayesema, utatia sahihi kwamba umepokea 200, utapokea 120.

Hapa tunasema wazi: kazi yoyote inayoombwa kwa mwili wa mtu ama kwa sahihi ya uongo, Mungu hakuifungua. Na hatia yake iko kwa mwenye kuomba bei hiyo. Tusimtwike dada aliyebanwa mzigo wa mwanaume aliyembana.

Lakini swali la kweli liko nyumbani kwetu. Msichana anarudi jioni, anasema: sikupata ile kazi. Mama anauliza kwa nini. Anajibu: kwa namna walivyonitaka. Sisi tutamwambia nini? Ikiwa tutanyamaza kwa huzuni na kutazama chungu kitupu, amekwisha kusikia jibu letu. Ikiwa baba atasema, wenzako wanafanyaje, basi baba ndiye aliyemwuza, naye hakufika hata ofisini. Anayerudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu hiyo apokewe kama mtu aliyetoka vitani akiwa mzima.

Mwenye njaa atachaguaje?

Najua wapo watakaotujibu: mnayoyasema ni mazuri kwa mtu aliyekula. Mwenye njaa atachagua kwa nguvu gani?

Neno hilo ni la kweli, na tusilijibu kwa haraka. Tuliwaona ndugu zetu waliokimbia vita wakiwa katika kambi za Kanyaruchinya na Bulengo, wakitoka asubuhi kutafuta kazi ya siku moja ili watoto wale jioni. Kumwambia mtu kama huyo apige hesabu ya moto na ya chakula cha mchana ni kumcheka.

Sisi tunajibu hivi. Kuna kazi yenye mshahara mdogo, na kuna kazi mbaya. Si kitu kimoja. Mshahara mdogo unaweza kubebwa. Mtu mwenye watoto wenye njaa akikubali nusu ya haki yake, hakufanya dhambi. Dhambi iko kwa yule aliyeona njaa yake akaifanya kuwa faida. Maandiko yanasema mshahara wa maskini ulipwe kabla jua halijatua (Kumbukumbu la Torati 24:14-15), na kwamba mshahara uliozuiwa unapiga kelele mpaka masikio ya Bwana (Yakobo 5:4). Lakini kazi ya kumwangamiza jirani, ya kuiba, ya kuuza mwili, hata njaa haiigeuzi kuwa njema.

Danieli anatufundisha hapa. Alikuwa mateka, hakuchagua kwenda Babeli. Kazi ya mfalme aliikubali, elimu yao aliikubali, hata jina jipya alipewa. Chakula cha mfalme alikikataa, na alikikataa kwa adabu, akiomba ajaribiwe siku kumi (Danieli 1). Mtu asiye na uwezo wa kukataa yote anaweza bado kuwa na kitu kimoja anachokikataa. Kila mmoja wetu akijue kitu hicho kabla ya kuitwa, kwa sababu siku ya kuitwa mawazo huchanganyika.

Tena tuongeze neno moja. Danieli hakuwa peke yake. Walikuwa vijana wanne. Hapo ndipo kusanyiko linapoingia. Kumwambia ndugu akatae kazi mbaya ni neno jepesi kwetu, ni neno zito kwake. Uwezo wa kusema hapana una bei: ni maharagi ya juma moja, ni kulipa nyumba ya mwezi mmoja. Kama sisi hatuko tayari kuchangia bei hiyo, tusimhubirie sana. Akina mama wetu wanajua likelemba. Kila mmoja anatoa kidogo, na zamu inafika kwa kila mmoja. Mbona tusiweke katika kusanyiko likelemba ya namna hiyo, kwa ajili ya yule aliyekataa kwa ajili ya dhamiri? Kidogo kila Jumapili, mikononi mwa mashemasi, kwa daftari lililo wazi. Ndipo neno letu litakuwa na miguu.

Na sisi tunaoita wengine

Sio mashirika tu yanayotoa kazi. Wengi wetu tunamwita msichana wa kufua, fundi wa kujenga, kijana wa kubeba mabidoni ya maji, zamu wa kulinda duka usiku. Je, tunataja mshahara kwanza? Ama tunasema, anza tu, tutaelewana? Neno hilo, tutaelewana, limeliza watu wengi. Mwenye nguvu ndiye anayeelewa mwishoni, na mnyonge anapokea kilichobaki.

Hata kazi ya kanisa iwe hivyo. Fundi akija kutengeneza ukuta wa mahali pa sala, apatane na wazee, alipwe siku ile ile. Akitaka kujitolea, aseme mwenyewe. Tusimwambie kwamba Mungu atamlipa, ikiwa ni sisi tuliomwita.

Kazi si mungu

Mwisho, tukumbuke yaliyotokea Januari 2025. Tarehe 20 ya mwezi ule serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mwisho wa mwezi ule ule vita viliingia Goma. Miradi ilifungwa, uwanja wa ndege ulifungwa, benki zilifunga milango. Watu waliokuwa na kazi nzuri kuliko zote mjini waliamka hawana mshahara, na wengine walikuwa na pesa benki wasiweze kuzitoa. Waliokuwa wamefanya hesabu nzuri walipotelewa pamoja na wasiohesabu.

Basi tuhesabu, lakini tusiegemee hesabu. Kupima kazi vizuri hakumfanyi mtu kuwa bwana wa kesho. Kunamsaidia tu asijiuze leo kwa bei asiyoijua. Na yule mwenye kazi yenye mwisho ulioandikwa katika mkataba asiishi kama isiyo na mwisho. Aache kidogo pembeni, wala asidharau meza ya unga ya mke wake.

Kwa hiyo, wapendwa, mtu akiitwa kazini aombe siku moja ya kufikiri, hata usiku mmoja. Jioni ile aketi na jamaa yake, wajiulize maswali haya matano:

1. Anayetuita ni nani, na waliomtumikia wanasema nini juu yake?
2. Kazi yenyewe ni nini, na inamsaidia jirani ama inamdhuru?
3. Mkononi tutabakiza kiasi gani, baada ya gharama zote na baada ya kile tunachoacha?
4. Ni kwa muda gani, na imeandikwa wapi?
5. Kuna bei gani isiyoandikwa, na ni nani atakayeilipa?

Wakiisha kujibu, waombe. Sala inayofuata maswali haya si sala ya mtu asiye na imani. Ni sala ya mtu anayejua anachokiomba. Na mwenye kuita akikasirika kwa sababu ameulizwa, amekwisha kujibu swali la kwanza.

Bwana atupe kazi, atupe na macho ya kuitazama. Amina.